Nichague programu iliyopo ya kusimamia kazi zangu binafsi, au niunde yangu mwenyewe?

Mtunza_Orodha aliuliza:

Ndugu zangu, salaam. Naomba mawazo yenu kuhusu jambo linalonisumbua kwa muda sasa. Nimekwisha kutumia programu kadhaa za kusimamia kazi binafsi, nyingine kwenye simu na nyingine kwenye kompyuta, na kila moja imenifaa kwa kipindi fulani kisha ikaanza kunielemea. Ile ya mwisho ilikuwa ya kupendeza, lakini kila toleo jipya lilileta vitu vya kazi za timu: maoni, ubao wa pamoja, ripoti za maendeleo. Mimi nafanya kazi peke yangu, na yale niliyoyahitaji yalizidi kufichwa nyuma ya vitufe vingine. Nilipoamua kuhama, faili niliyopewa ilikuwa na majina ya kazi na tarehe tu. Maelezo, kazi ndogondogo zilizo chini ya kazi kubwa, na kanuni za kujirudia havikuwamo.

Mahitaji yangu si makubwa, ila nayashikilia. Kwanza, nina kazi zinazojirudia za aina mbili: zile zinazofuata kalenda, kama ripoti inayotakiwa kila mwisho wa mwezi, na zile zinazohesabiwa tangu mara ya mwisho zilipofanyika, kama kubadilisha kichujio cha maji kila baada ya miezi mitatu. Pili, nataka kazi ambayo siwezi kuigusa leo isionekane kabisa mpaka siku yake ifike. Tatu, nataka simu na kompyuta zote zifanye kazi bila intaneti, kisha zikubaliane mtandao ukipatikana. Nne, data iwe yangu, katika muundo ambao nitaweza kuusoma hata kama programu yenyewe haipo tena.

Ninaandika programu kwa Python na kwa JavaScript, ingawa si kazi yangu ya kila siku, na sina nia ya kuuza chochote. Naomba kujua mambo mawili. Kama nitachagua programu iliyopo, nitumie vigezo gani zaidi ya mwonekano na umaarufu? Na kama nitaunda yangu, ni wapi hasa penye ugumu, ili nipime nguvu zangu kabla sijaanza?

---

Kumbukumbu_Ndefu alijibu:

Ndugu, mimi ningeanza na hitaji lako la nne, kwa sababu ndilo linalobaki baada ya mengine yote kubadilika. Programu ya kazi ni chombo unachokikabidhi ahadi zako za miaka, na historia inaonyesha kwamba kampuni zinazotengeneza programu hizi hazidumu kwa kiwango hicho. Astrid, iliyokuwa na watumiaji wengi sana kwenye Android, ilinunuliwa na Yahoo mwaka 2013 na huduma yake ikafungwa mwaka huohuo. Wunderlist ilinunuliwa na Microsoft mwaka 2015, ikafungwa Mei 2020. Katika kisa cha Astrid kuna funzo la kutia moyo: kwa kuwa msimbo wake ulikuwa huria, watu wengine waliuchukua na kuuendeleza, na leo unaishi katika programu iitwayo Tasks.org. Wunderlist haikuacha mrithi wa namna hiyo, na watumiaji wake walielekezwa kwenye bidhaa nyingine ya mmiliki mpya.

Kwa hiyo kigezo changu cha kwanza ni jaribio ambalo hufanywa siku ya kwanza, kabla mtu hajaipenda programu. Ingiza kazi chache zenye kila kitu unachokitumia: maelezo marefu, kazi ndogo, kanuni ya kujirudia, tarehe ya kuanza na lebo. Kisha hamisha data yote nje, fungua faili uliyopewa, na uangalie kilichopotea. Programu ikishindwa jaribio hilo, sioni haja ya kuendelea kuichunguza.

Miundo iliyo wazi ipo, na inafaa uifahamu hata kama utaamua kuunda yako. Muundo wa todo.txt, ulioanzishwa na Gina Trapani mwaka 2006, ni faili ya maandishi matupu ambamo kila mstari ni kazi moja: kipaumbele huandikwa kwa herufi kubwa ndani ya mabano mwanzoni, mradi hutanguliwa na alama ya kujumlisha, na kazi iliyokamilika huanza na herufi x. Unaweza kuisoma kwa kihariri chochote, ila haina kanuni rasmi ya kujirudia. Org mode, iliyoanzishwa na Carsten Dominik mwaka 2003 ndani ya kihariri cha Emacs, nayo ni maandishi matupu lakini yenye uwezo mkubwa zaidi. Ugumu wake ni kwamba kuitumia vizuri kunadai uijue Emacs, na kwenye simu utategemea programu za watu wengine. Kisha kuna kiwango cha iCalendar, kilichoandikwa katika RFC 5545 (RFC ni hati za viwango vya intaneti) ya mwaka 2009. Wengi wanakifahamu kwa matukio ya kalenda tu, lakini ndani yake kuna sehemu iitwayo VTODO ambayo ni kwa ajili ya kazi: ina tarehe ya kuanza, tarehe ya mwisho, hali ya kazi, asilimia ya ukamilifu na kanuni ya kujirudia.

Kigezo changu cha pili ni kama programu inatofautisha tarehe ya kuanza na tarehe ya mwisho. Programu nyingi zina tarehe moja tu, na matokeo yake ni kwamba watu huandika tarehe za mwisho za uongo ili kazi iwatokee siku wanayotaka kuifikiria. Baada ya muda orodha nzima huwa nyekundu, na tarehe ya kweli, ile ambayo ukiivuka kuna madhara, haitofautishwi tena na zile za kujipangia. Hitaji lako la pili haliwezi kutimizwa vizuri na programu ya tarehe moja. Rangi, michoro na aina za lebo ni mambo ya ladha, chagua upendavyo.

---

Fundi_Hifadhidata alijibu:

Nitajibu swali la pili. Kuonyesha orodha, kuongeza kazi na kuiwekea alama ya kukamilika ni sehemu nyepesi, na mwenye ujuzi kama wako ataifikia mapema. Ugumu uko katika mambo matatu: tarehe, kujirudia, na vifaa viwili vinavyohariri kazi moja.

Kuhusu tarehe, usihifadhi kila kitu kama nukta moja ya wakati wa dunia. Kazi inayotakiwa tarehe 14 ni ya tarehe 14 popote utakapokuwa. Ukiihifadhi kama saa sita ya usiku iliyogeuzwa kuwa UTC, yaani saa ya pamoja ya dunia, siku utakayosafiri kuelekea magharibi programu itakuonyesha tarehe 13. Waandishi wa iCalendar waliliona hilo, wakatenganisha tarehe isiyo na saa, saa isiyofungwa na eneo lolote, na saa iliyofungwa na eneo fulani. Fuata mgawanyo huohuo. Pale unapohitaji eneo, hifadhi jina lake kama lilivyo katika hifadhidata ya IANA, yaani orodha ya kimataifa ya maeneo ya saa, wala si tofauti ya saa pekee, kwa kuwa serikali hubadilisha tofauti hizo na jina ndilo linalobaki sahihi.

Kujirudia ndiko kunakowashinda wengi. Umetaja aina mbili, na umezitaja vizuri, lakini kwa kweli ziko tatu. Org mode huziandika kwa alama tofauti, na ningekushauri uzisome hata kama hutaitumia kamwe. Alama ya kwanza husogeza tarehe kwa kipindi kimoja tu, kwa hiyo kama umekosa miezi mitatu ya kulipa deni, utaonyeshwa kila mwezi uliokosa mpaka uumalize. Ya pili husogeza tarehe kwa hatua zilezile mpaka ifike mbele ya leo, ikibaki siku ileile ya juma. Hii inafaa kwa jambo la kila Jumamosi ambalo Jumamosi zilizopita hazina maana tena. Ya tatu huhesabu kuanzia siku uliyokamilisha, na hiyo ndiyo ya kichujio chako. Programu inayochanganya aina hizi itakupa ama rundo la kazi zilizokwisha kupitwa na wakati, ama deni lililosahauliwa, na kwa mtazamo wangu la pili ni baya zaidi.

Kisha kuna mwisho wa mwezi. Ukiiambia kanuni ya iCalendar irudie kila tarehe 31, miezi isiyo na tarehe hiyo itarukwa kabisa, kwa sababu RFC 5545 inaagiza tarehe zisizokuwapo zipuuzwe. Ripoti yako ya kila mwezi ingetoweka mwezi Februari, Aprili, Juni, Septemba na Novemba. Njia sahihi ni kuandika siku ya mwisho ya mwezi kwa thamani ya -1. Baadaye, RFC 7529 ya mwaka 2015 iliongeza namna ya kueleza kama tarehe isiyokuwapo irukwe, irudishwe nyuma au isogezwe mbele, lakini usitegemee kwamba kila programu inaielewa. Kwa vyovyote vile, usiandike hesabu hizi kuanzia mwanzo. Katika Python maktaba ya dateutil tayari inazifahamu kanuni za kujirudia za iCalendar.

Jambo moja la muundo ambalo ningelisisitiza: kazi inayojirudia inapokamilika, usibadilishe tarehe yake tu ukaishia hapo. Weka jedwali la pili linaloandika kila ukamilishaji na tarehe yake. Bila jedwali hilo hutaweza kujibu swali la kawaida kabisa, yaani mara ya mwisho jambo hili lilifanyika lini, na kwa kazi za aina ya tatu hilo ndilo swali lenyewe.

Kuhusu vifaa viwili, kila kazi ipewe kitambulisho kinachotengenezwa na kifaa chenyewe bila kuomba ruhusa ya seva. UUID, yaani kitambulisho cha kipekee, ya toleo la 4 ina biti 122 za bahati nasibu, kiasi kwamba kugongana hakuna haja ya kufikiriwa. Nambari zinazoongezeka moja moja zitakusumbua mara tu simu na kompyuta zitakapoongeza kazi bila mtandao, kila kimoja kikiamini kwamba nambari inayofuata ni yake. Kufuta nako kusiwe kuondoa safu. Weka alama kwamba imefutwa, vinginevyo kifaa ambacho hakikuwa mtandaoni kitairudisha kazi uliyoifuta kikidhani ni mpya.

Mgongano wa mabadiliko, kwa mtu mmoja, unaweza kutatuliwa kwa kanuni rahisi kwamba badiliko la mwisho ndilo linaloshinda, lakini litumike kwa kila uga peke yake, si kwa kazi nzima. Ukibadilisha jina kwenye simu na tarehe kwenye kompyuta, yote mawili yanapaswa kubaki. Saa za vifaa hazilingani kikamilifu, kwa hiyo changanya muda na kihesabu kinachopanda kila badiliko linapotokea, kwa misingi aliyoieleza mwanasayansi wa kompyuta Leslie Lamport mwaka 1978.

Kwa hifadhi yenyewe, SQLite, hifadhidata inayokaa ndani ya faili moja, inatosha na kuzidi. Hata Taskwarrior, programu ya mstari wa amri iliyotunza kazi katika faili za maandishi kwa miaka mingi, ilihamia SQLite katika toleo la 3.0 mwaka 2024. Usiiweke tu faili ya SQLite ndani ya folda inayosawazishwa kiotomatiki kati ya vifaa huku programu ikiwa wazi pande zote mbili. Faili inaweza kunakiliwa katikati ya uandishi, na utakachokipata upande wa pili ni hifadhidata iliyoharibika.

---

Hatua_Kwa_Hatua alijibu:

Nimesoma majibu yaliyotangulia kwa makini, na sina ubishi na usahihi wake. Ninachotofautiana nacho ni mpangilio wa maswali. Kabla ya hifadhi na kabla ya muundo wa faili, ndugu muulizaji aamue skrini ya kwanza ya programu yake itajibu swali gani. Wengi wetu hudhani swali ni "nina kazi gani?", wakati mtu anayefungua programu akiwa na nusu saa mkononi anauliza "nifanye nini sasa?". Maswali hayo mawili yanahitaji programu tofauti. La kwanza linajibiwa na orodha kamili. La pili linajibiwa na orodha fupi sana ambayo imekwisha kuondoa kila kazi isiyowezekana kwa sasa.

Kuna njia zaidi ya moja ya kufikia orodha hiyo fupi. Taskwarrior hukokotoa alama ya uharaka kwa kila kazi, ikijumlisha uzito wa mambo kama ukaribu wa tarehe ya mwisho, kipaumbele, umri wa kazi, na kama kazi nyingine zinaisubiri. Uzuri wake ni kwamba unaweza kubadilisha kila uzito. Ubaya wake, kwa maoni yangu, ni kwamba namba inayotokana na mambo mengi haielezeki, na mtu huacha kuiamini orodha asiyoielewa. Ningependelea kanuni chache zinazosomeka: ficha kilichofungwa na kazi nyingine, ficha ambacho tarehe yake ya kuanza haijafika, tanguliza chenye tarehe ya mwisho ya kweli ndani ya juma hili, kisha mtu achague mwenyewe kwa akili yake.

Na kuna hesabu moja ambayo programu yoyote haitaikwepa. Mtafiti wa hesabu za foleni John Little alithibitisha mwaka 1961 kwamba, katika mfumo uliotulia, wastani wa vitu vilivyomo ni sawa na kasi ya kuingia ikizidishwa kwa wastani wa muda ambao kila kitu hukaa ndani. Tuseme orodha ina kazi 180, na mtu anamaliza kazi 6 kwa siku huku nyingine 6 zikiingia. Kila kazi itasubiri wastani wa siku 30, na hakuna lebo, rangi wala kikumbusho kitakachopunguza siku hizo. Zitapungua kwa njia mbili tu: kumaliza kwa kasi zaidi, au kupunguza kilichomo, yaani kukataa baadhi ya kazi waziwazi. Kwa hiyo, kama utaunda programu yako, ipe kitufe cha kukataa chenye hadhi sawa na cha kukamilisha. VTODO tayari ina hali ya kazi iliyoghairiwa, tofauti na iliyokamilika, na ni jambo la kusikitisha kwamba programu nyingi zinampa mtumiaji kufuta tu, bila kubakiza kumbukumbu kwamba uamuzi ulifanywa.

Ushauri wangu basi ni kwamba usiunde kila kitu. Usawazishaji aliouelezea Fundi_Hifadhidata ni kazi nzito kwa mtu mmoja, na tayari imefanywa. Itifaki ya CalDAV, ya mwaka 2007, husafirisha kazi za VTODO kati ya seva na vifaa. Radicale ni seva ndogo ya CalDAV iliyoandikwa kwa Python, na huhifadhi kila kazi kama faili ya kawaida ndani ya folda, kwa hiyo nakala ya akiba ni kunakili folda hiyo. Kwenye simu ya Android, Tasks.org inaifahamu CalDAV. Kilichobaki ni kile ambacho hakuna aliyekuundia: mtazamo wako wa "nifanye nini sasa?" kwenye kompyuta, ambao unaweza kuuandika kwa Python juu ya data hiyohiyo. Ukichoka nao siku yoyote, kazi zako zitabaki mahali pake na programu ya simu itaendelea kuzisoma.

---

Mtunza_Orodha aliandika:

Nawashukuru sana, ndugu. Nimeamua kuifuata njia ya mwisho. Maswali mawili yamebaki. Kujirudia kwa kuhesabu kuanzia siku ya ukamilishaji, kama nilivyoelewa, hakumo katika kanuni za iCalendar, nikuweke wapi? Na kama siku moja nitaandika programu yangu ya simu pia, vikumbusho ni jambo jepesi au nalo lina mitego?

---

Fundi_Hifadhidata alijibu:

Umeelewa sawasawa. Kanuni za iCalendar huhesabu kutoka tarehe ya kuanza, wala hazijui ni lini ulimaliza. Ila kiwango kinaruhusu sifa za ziada zenye majina yanayoanza na X-, na programu isiyoitambua sifa ya namna hiyo inaruhusiwa kuipuuza. Weka kipindi chako humo, usiweke kanuni ya kawaida ya kujirudia kwenye kazi hiyo, na programu yako ya kompyuta ndiyo itengeneze kazi inayofuata inapoona iliyotangulia imekamilika. Jaribu kwanza kwa kazi moja: ihariri kwenye simu, isawazishe, kisha fungua faili kwenye seva uone kama sifa yako bado ipo. Kupuuza sifa na kuihifadhi ni mambo mawili tofauti, na programu nyingine huandika faili upya zikibakiza tu zile sifa zinazozijua. Ikipotea, hamishia kanuni hizo katika faili yako ya pembeni inayotumia kitambulisho cha kazi kama ufunguo.

Vikumbusho vina mitego, na inatofautiana kwa mfumo wa simu. Kwenye iOS, programu moja inaweza kuwa na arifa za ndani zinazosubiri zisizozidi 64. Zikizidi, mfumo hubakiza zile za karibuni zaidi. Mwenye kazi nyingi zinazojirudia atafika hapo bila kujua, kwa hiyo panga arifa za siku chache zijazo tu, na uzipange upya kila programu inapofunguliwa. Kwenye Android, kengele ulizozipanga hufutika simu inapozimwa, hivyo programu inapaswa kusikiliza taarifa ya kuwashwa upya na kuzipanga tena zote. Tangu Android 6.0, simu iliyotulia bila kuguswa huahirisha kengele za kawaida ili kuokoa betri, na tangu Android 12, kengele inayotakiwa kulia kwa dakika kamili inahitaji ruhusa maalumu. Kwa sasa waachie Tasks.org mzigo huo wote.